Nilichana Mkataba Mbele ya Wageni wa Posa

BARUA

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa, maana nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya jora la kitambaa ambalo sijui nilipokee au nilirudishe, na mafundi wangu wamekaa mbele yangu mikono mapajani, wananitazama kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri daktari atoke chumbani.

Mimi ni mama wa makamo, nina karakana ya kushona sare za shule, vyerehani vimepangwa pande mbili na meza ya kukatia iko katikati, na mteja wangu mkubwa ni shule ya wasichana iliyo jirani, ambayo ndiyo inayotuweka mjini mimi na mafundi wangu wote, kwa sababu kazi nyingine ni za msimu lakini shule hii kila mwaka inapokea wanafunzi wapya na kila mwanafunzi mpya lazima apite kwangu apimwe.

Kitambaa nachukua kwa bwana mmoja mwenye ghala, na mwanzoni tuliandikiana mkataba, ukurasa mmoja tu, lakini pembeni yake tulibana kipande cha kitambaa chenyewe, bluu nzito ya shule, tukatia sahihi wote wawili, na kila akileta mzigo nilikuwa nachukua kile kipande naweka juu ya jora pale mlangoni kwenye mwanga, kikilingana anashusha, kisipolingana anageuza gari, na kwa kweli hatukuwahi kugombana hata siku moja.

Sasa kijana wake na binti yangu wakapendana wakiwa chuoni, watu wa kijana wakaja kuposa, nyumba ikajaa wageni, na baada ya posa kukubaliwa yule bwana akasimama katikati ya sebule akasema, "Jamani, mimi na mama huyu tuna karatasi kati yetu. Leo tumekuwa damu moja. Mkwe na mkwe wanaandikiana?" Watu wakacheka, wakasema hapana, akaniambia, "Mkwe, kailete," nikaenda chumbani nikaileta nakala yangu, ya kwake alisema ameisahau ghalani, tukaishika ile karatasi yeye upande mmoja na mimi upande mwingine tukaichana, wanawake wakapiga vigelegele, dada yangu akachukua video, na mkwe akakibandua kile kipande cha kitambaa akakikunja akakitia katika mfuko wa shati akasema hiki atakiweka kama kumbukumbu ya siku hiyo, na mimi nilitokwa na machozi ya furaha, sikufichi.

Tangu hapo ndiyo tunakwenda kwa kuaminiana, na kwa kuwa vijana walikuwa bado wanasoma uchumba umekuwa mrefu, na kila mwaka mkwe analeta mzigo mwenyewe, anakuja na kipande cha jora lililopita, anakiweka juu ya jora jipya ananiuliza, "Si hii hii, mkwe?" na mimi nikitazama naona kweli ni hii hii, au tofauti ni ndogo mno, mtu hawezi kumkwaza mkwe wake kwa jambo la namna hiyo. Mafundi wangu wamempa jina la Bwana Usijali kwa sababu kila ukimuuliza kitu anajibu usijali, na siku hizi gari lake likisimama nje wanaulizana, "Leo katuletea bluu gani? Ya mawingu au ya majivu?" Mimi nawanyamazisha, nawaambia huyo ni baba mkwe wa dada yenu, mumpe heshima.

Mwaka jana mwalimu mkuu alinipigia simu akasema sare za wanafunzi wapya zimepauka na zinachanika mapema, na mimi kwa kushtuka nikajikuta nimesema tatizo ni sabuni, kwamba wazazi wananunua sabuni kali ya bei rahisi, naye akaniamini, akaitisha kikao cha wazazi akawasema sana, na nimesikia kuna mama mmoja ambaye kazi yake ni kufulia watu nguo alisimamishwa mbele ya wenzake akaambiwa hajui kufua nguo ya mwanawe, akaondoka analia. Jambo hilo linanichoma, lakini nilijiambia litasahaulika.

Halikusahaulika, mshauri. Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniita asubuhi, akanisimamisha naye barazani wakati wasichana wamepanga mstari kwa madarasa, kidato cha nne kulia mpaka kidato cha kwanza kushoto, na niliona kwa macho yangu bluu nne zimesimama pamoja, kila darasa na lake, inaanza nzito kule mwisho inakuja inafifia, utadhani ni ile kadi ya rangi za dukani wanayokuonyesha ukitaka kupaka nyumba. Akaniuliza taratibu, "Fundi, hebu nionyeshe, shule yangu ni ipi hapo?" Akaendelea, "Na hiyo sabuni yako inachagua madarasa? Mbona wakubwa wamevaa miaka yote hiyo na bado ni bluu, wadogo wamevaa juzi tu wanafanana na maji ya kuoshea vyombo?" Akanipa mpaka kufunga shule nimwambie nitashonea kitambaa gani wanafunzi wapya, la sivyo kazi anampa fundi mwingine, na nikinyang'anywa kazi hiyo karakana inafungwa, hilo halina ubishi.

Leo mkwe kaleta mzigo mpya, ndio huu nilioukalia, na ukiunyanyua dhidi ya dirisha unamwona mtu anayepita nje. Nilimpigia simu nikamwambia kwa upole, "Mkwe, naona kama kimekuwa chepesi kidogo," akasema, "Usijali mkwe, ukikipiga pasi kitatulia," nikamwambia na rangi je, akasema, "Mkwe, harusi ni mwezi ujao. Kweli tuanze kukaguana sasa hivi, watu waseme nini?" Nikaaga, nikakata simu. Mume wangu anasema ninyamaze mpaka harusi ipite, kitambaa kitatafutwa lakini mkwe hatafutwi. Binti yangu alikuwa jikoni akasikia simu yote, akatoka na mwiko mkononi akaniuliza, "Mama, mimi naolewa, au nauzwa kwa jora?" Nikamwambia akome, hayo ni mambo ya watu wazima.

Mafundi wanataka kuanza kukata Jumatatu. Nifanye nini, mshauri, nimwambie mkwe maneno gani matamu ambayo yatafanya alete kitambaa kizuri bila kuona kwamba nimelalamika?

Ni mimi,
Mama Mvumilivu

JIBU

Mama Mvumilivu, jina hilo umejipa mwenyewe na mimi silikubali. Mvumilivu ni yule mama aliyefundishwa kufua na watu wasiofua, akavumilia. Wewe ni mwoga aliyevaa vizuri, na kwa kuwa umeniomba ushauri sitakuremba.

Unaniuliza maneno matamu ya kumwambia mkwe wako. Sina. Maneno matamu ndiyo yaliyokufikisha hapo ulipo. Tangu siku ya posa hamjafanya biashara, mmefanya maigizo ya mapenzi ya ukoo, na katika maigizo hayo mwenzako amekuwa akipata faida na wewe umekuwa ukipata vigelegele. Hebu isome tena barua yako, kwa jicho la mtu mwingine. Unasema "tukaichana". Mlichana nini? Nakala yako. Ya kwake, kwa bahati nzuri sana, ilikuwa imesahauliwa ghalani. Mtu aliyekumbuka kuutaja mkataba mbele ya wageni alisahau kuja nao! Na kile kipande cha kitambaa, ambacho ndicho kilichokuwa macho yako, hakukichana. Alikikunja vizuri akakitia mfukoni. Mama, kila mtu sebuleni alikuwa anacheza, isipokuwa mmoja aliyekuwa kazini.

Sasa nikueleze kitu, maana naona umeshona miaka mingi bila kujua kwa nini mkataba wako wa kwanza ulikuwa mzuri. Haukuwa mzuri kwa sababu ya sahihi. Ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa na kitu kimoja kisichobadilika, ambacho kila mzigo ulipimwa nacho. Seremala akitaka kukata mbao nyingi za urefu mmoja, huchagua ubao mmoja wa kupimia, akautia alama, na kila ubao anaupima kwa huo. Fundi mjinga hupima ubao wa pili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili, wa nne kwa wa tatu. Kila mara kosa ni unywele. Mwisho anaunda meza inayoyumba, anajiuliza nani kamroga. Ndivyo ulivyofanya. Mkwe wako alikuletea kipande cha jora lililopita, nawe ukakubali kupimia wizi wa mwaka huu kwa wizi wa mwaka jana. Bila shaka vilifanana. Ndugu hufanana.

Na anayeleta mzigo ndiye aliyekuwa analeta kipimo. Umewahi kwenda kwa muuza sukari ukakuta mizani haipo, yeye mwenyewe anakadiria kwa kiganja na kukuuliza, "Si kilo hii, mkwe?" Ungemcheka. Huyu wa vitambaa ulimpa kiti.

Tuje kwenye sabuni. Hapa nitasema kidogo, maana hasira si nzuri kwa mtu wa umri wangu. Mwalimu mkuu alikuuliza swali la haki, na badala ya kumtaja mtu mwenye ghala na gari, ukawatupia lawama wanawake wenye beseni na kamba ya kuanikia. Mkwe wako uliogopa kumkwaza kwa neno moja la mlangoni. Mama wa watu, ambaye kufua ndiko kunakomlisha, hukuogopa kumvunjia jina mbele ya wenzake, ambao huenda ndio wateja wake. Hiyo unaita heshima? Heshima yako ina macho, inatazama nani ana gari. Nimekusema, na bado sijamaliza, lakini tuendelee.

Unauliza ufanye nini. Kwanza, Jumatatu mkasi usiguse kitambaa hicho. Wewe ni fundi, unajua kuliko mimi kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi. Ukikata umekubali, hata kama ulikata huku unalia. Waambie mafundi wafunike meza, wachukue viraka na vifungo vya kazi ndogondogo, na jora lisimame mlangoni, si ndani. Mzigo ulioingia ndani na kukaliwa na mwenye karakana ni mzigo uliopokelewa.

Pili, tafuta kipimo chako. Najua utasema kipande kiko mfukoni mwa mkwe. Kwa kweli hapa nilicheka peke yangu, nikaulizwa na mke wangu nina nini. Mama, wewe si fundi wa sare? Wasichana wa kidato cha nne wamevaa kitambaa cha mkataba ule ule uliouchana. Rangi ya nje imepigwa na jua, sawa. Lakini sketi ya shule hushonwa na pindo pana, ili mtoto akirefuka lishushwe. Nenda kamwombe mwalimu mkuu sketi moja ambayo pindo lake halijashushwa, lifumue. Ndani ya pindo jua halifiki. Utaikuta bluu yako imelala humo, nzito kama siku ulipoikata. Mikono yako ndiyo iliyoiweka, na miaka yote umekuwa ukidhani iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Kata vipande viwili kutoka humo, na sketi uishone upya bure. Kimoja akae nacho mwalimu mkuu, kwa sababu yeye ndiye anayevalisha watoto, na kimoja kikae kwako. Lakini kabla hujakata, mwambie ukweli. Mwambie sabuni ilikuwa uongo, mwambie ni kitambaa, mwambie kwamba uliacha kupima na kwa nini uliacha. Atakukasirikia. Ni haki yake, simama usikilize. Mtu anayeendesha shule amezoea kudanganywa na watoto, ataujua ukweli akiusikia, na kwa uzoefu wangu mteja humvumilia msambazaji aliyekosea na kukiri kuliko yule asiyekosea kamwe. Kisha umwombe akupe nafasi katika kikao kijacho cha wazazi. Utasimama pale pale yule mama aliposimamishwa, uwaambie wazazi kwamba kosa lilikuwa kwenye karakana na si kwenye beseni. Kwake uende pia nyumbani, kabla ya kikao, usimvizie na msamaha hadharani kama alivyoviziwa na aibu.

Tatu, mkwe. Usimpigie simu. Simu ndiyo uwanja wake, huko ndiko anakokaa na "usijali" yake. Usimwite kwako pia, maana utampikia, na ukishampikia huwezi kumwambia kitu. Nenda ghalani kwake mchana, wafanyakazi wake wakiwepo, na kipande chako mkononi. Kiweke juu ya jora lake. Usiseme rangi imefifia "kidogo", usiseme "naona kama". Sema, "Tulikubaliana hiki. Umeleta hiki. Kachukue mzigo wako kwa gari lako." Kisha nyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya majadiliano ambayo watu waungwana kama wewe hawaiwezi. Mnaogopa ukimya, mnaujaza kwa kujipunguzia wenyewe. Mwache aujaze yeye.

Akitaka kuendelea kuwa msambazaji wako, mwandikiane upya. Usitegemee nakala aliyoisahau, atakuambia mliifuta kwa hiari mbele ya mashahidi, na video ya dada yako itamsaidia. Mkataba mpya uwe na kipimo kilichobanwa na kutiwa sahihi. Useme uzito wa kitambaa, si rangi peke yake, na kwamba kitafuliwa na kuanikwa juani kwako kabla ya kupokelewa. Uwataje kwa majina wakaguzi, wewe na fundi wako wa kukata, basi, mletaji asiwemo. Ueleze mzigo ukikataliwa nani anaurudisha na kwa muda gani analeta mwingine. Na uwe na mstari mmoja ambao wengi husahau: kwamba hakuna badiliko litakalohesabika mpaka liandikwe na wote wawili, hata likitangazwa sebuleni kwa vigelegele. Na kabla hujaenda kwake, pita kwa wenye maghala wengine wawili na kipande chako, ujue nani anacho na anakiuzaje. Mtu anayekwenda kujadiliana bila pengine pa kwenda hajaenda kujadiliana, ameenda kuomba.

Mumeo anasema kitambaa kitatafutwa lakini mkwe hatafutwi. Mpe salamu zangu, umwulize mteja wa karakana anatafutwa wapi.

Mwisho, binti yako. Katika barua yako yote aliyezungumza kama mtu mzima ni yule mwenye mwiko, na ndiye uliyemwambia akome kwa kuwa hayo ni ya watu wazima. Alikuuliza swali moja, na hukulijibu. Mjibu leo, kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya mkwe. Mwambie kwamba ulimtumia kama kifuniko cha kitambaa chepesi, na kwamba hutarudia. Mwambie pia unachokwenda kufanya ghalani, asikie kutoka kwako, na mchumba wake asikie kutoka kwake. Kama kijana ana akili ataona haya kwa ajili ya baba yake. Kama hana, ni vizuri ajulikane mwezi huu kuliko mwezi ujao.

Najua unachoogopa, ingawa hukukiandika. Unaogopa yule bwana atasema, "Basi, na harusi haipo." Hawezi kuivunja yeye, harusi si yake, lakini anaweza kusema. Akisema, mjibu hivi: "Ahsante, mkwe. Nilikuja kurudisha jora, kumbe na la ukwe lilikuwa pungufu."

Na maneno hayo uyaseme ukiwa umesimama. Barua yako imeanza umeketi juu ya mzigo wake na imekwisha hujainuka. Inuka, mama. Fungua mlango, mafundi walitoe jora.